Kabla ya Kukodi Gari la Noeli

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Isaka, mwanzoni mwa Novemba



Waheshimiwa Mapadre, Watawa, Makatekista, wenyeviti na wajumbe wa kamati za parokia na vigango, viongozi wa WAWATA na wa vijana, pamoja na ndugu zetu wa madhehebu mengine mliokubali mwaliko wetu: tunawashukuru sana kwa kufika. Tunajua mvua zimeanza, na siku moja ya jembe katika mwezi huu ina thamani kuliko posho yoyote. Tena posho yenyewe haipo, kuna chai na maandazi.

Tumeombwa kuzungumzia usalama barabarani wakati wa safari za sikukuu. Mada hii imezoeleka kuwa ya askari wa trafiki na madereva. Kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani huhutubiwa wao, hubandikwa stika, na sisi wengine hukaa pembeni kama wasikilizaji. Leo tungependa kuzungumza nanyi kwa namna nyingine. Tungependa kuzungumza nanyi kama wasafirishaji.

Tunaona baadhi yenu mnatazamana. Lakini hebu tuhesabu. Ni nani aliyekodi gari la kwaya lilipokwenda kuimba parokia ya jirani? Ni nani aliyepanga hija ya Kawekamo, na wengine ile ya Nyakijoga kule Bukoba? Msiba ukitokea, ni nani anayekusanya michango na kutafuta gari la kupeleka waombolezaji? Kipaimara, jubilei, semina ya WAWATA, mkutano wa vijana: kila mara kuna mjumbe wa kamati anayesimama stendi akipatana bei na mwenye gari. Katika mwaka mmoja parokia moja ya vijijini husafirisha watu wengi, na haina leseni wala hata daftari la safari hizo. Kazi hiyo hufanywa kwa upendo na kwa haraka, na haraka ndiyo tunayotaka kuizungumza.

Kwanza tuitazame barabara yenyewe. Isaka si mji mkubwa, lakini mizigo ya nchi kadhaa hupita mlangoni kwetu. Reli ya kati inayotoka Tabora kwenda Mwanza inapita hapa, na bandari kavu yetu iliwekwa ili mizigo ya Rwanda na Burundi ishushwe kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Barabara inayotoka Nzega na Tinde inapita hapa ikielekea Kahama, Ushirombo na Nyakanazi, na kutoka huko mpaka Rusumo. Malori ya mafuta, ya saruji na ya makontena hupita usiku na mchana. Mwezi wa Desemba, juu ya msururu huo, huongezeka watu wetu wenyewe. Wachimbaji wadogo wa Kakola, Nyarugusu na Geita hurudi makwao na mabati, magodoro na mifuko ya mchele. Wanafunzi wa bweni hufunga shule. Wajukuu hutoka Mwanza na Dar es Salaam kuja kuwaona bibi zao. Na huo huo ni mwezi wa kilimo, hivyo trekta, mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli zenye magunia ya mbegu ziko barabarani mpaka jua kuzama, na nyingine baada ya kuzama. Vyote hivi hutumia lami ile ile yenye njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Tarehe 8 Agosti 2022 ilikuwa sikukuu ya Nane Nane, siku ya Jumatatu. Usiku ule, hapo Mwakata kwa jirani zetu, basi dogo aina ya Hiace, lori, trekta na gari dogo vilihusika katika ajali moja, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Wapo kati yenu waliochimba makaburi wiki ile, kwa hiyo hatuna haja ya kusimulia zaidi. Wala hatukuja kusema nani alikuwa na kosa, kwani hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Tunachowaomba mtazame ni orodha ya vyombo vyenyewe: gari la abiria, lori la masafa, chombo cha shambani, gari la mtu binafsi. Hiyo ndiyo barabara yetu ya sikukuu, na usiku ule vyote vilifika mahali pamoja.

Mwakata ni kijiji kile kile kilichopigwa na mvua ya mawe mwezi Machi 2015, ambapo zaidi ya watu 40 walikufa. Nchi nzima iliguswa na watu walileta misaada. Tunataja misiba yote miwili kwa sababu moja. Mvua ya mawe hatuwezi kuipangia saa. Safari ya sikukuu tunaipangia sisi wenyewe: saa ya kuondoka, aina ya gari, idadi ya watakaopanda, na saa ya kurudi. Kwa hiyo tunaposikia katika ibada ya mazishi kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu, tunaomba makatekista watuvumilie, lakini hatukubaliani. Mwenyezi Mungu hakuketi kwenye kikao cha kamati kilichoamua gari liondoke saa 4 usiku ili kuokoa gharama ya kulala.

Na si huku kwetu tu. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza, wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyobeba mwili wa marehemu na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Watu 17 walikufa pale pale, na hesabu ikaongezeka baadaye. Mwezi Juni 2025, wilayani Same, basi na Coaster vikagongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakienda harusini. Msiba na harusi. Safari za namna hii haziendeshwi na kampuni yenye ofisi na ratiba. Huendeshwa na familia na kamati kama zetu, watu wenye huzuni au furaha, wasiolala vizuri, wanaotaka kufika tu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana huko ndiko maamuzi yanakofanyikia.

Kamati inapokaa kupanga safari ya kwaya, mambo huenda hivi. Mtu wa kwanza anasema Coaster ni ghali. Wa pili anamfahamu mwenye Fuso anayekubali kwa nusu ya bei, tena watapanda wote mara moja pamoja na ngoma na kinanda. Wa tatu, mara nyingi mama, anauliza habari ya watoto na mvua. Anajibiwa kwamba kutafungwa turubai. Kikao kinahamia kwenye sare. Tumeona kamati zikijadili rangi ya sare kwa saa nzima na gari kwa dakika tano.

Lori limepewa leseni ya mizigo. Halina viti wala mikanda, na likipinduka hakuna kinachomzuia mtu asirushwe nje au asilaliwe na wenzake. Bima yake nayo kwa kawaida iliandikwa kwa ajili ya mizigo, kwa hiyo mwanakwaya akivunjika mguu, familia itauza ng'ombe kulipia matibabu huku mwenye lori akisema yeye alisaidia tu kanisa. Ile nusu ya bei mliyookoa haikupotea. Imehamia kwa abiria, naye hakuulizwa.

Msimamo wetu ni kwamba kama fedha za gari la abiria hazitoshi, waende wachache. Wakienda waimbaji 25 kwenye Coaster, nyimbo zitasikika. Tunajua jambo hili litaleta manung'uniko, hasa kwa wale watakaobaki wakiwa wameshashona sare. Ni afadhali manung'uniko.

Mazungumzo haya yatachapishwa katika jarida letu, ambalo husomwa pia na wafadhili wetu wa ndani na wa nje. Kwao tuna neno moja, na tunalisema kwa heshima. Fungu la usafiri katika bajeti ndilo hukatwa kwanza, kwa sababu kwenye karatasi linaonekana kama anasa. Mradi ukitaka kuonekana una nidhamu, hupunguza gharama za safari ili sehemu kubwa imfikie mlengwa. Lakini mlengwa ndiye aliyeko ndani ya gari. Mwezeshaji wa afya ya mama na mtoto anayepelekwa semina akiwa wa 4 kwenye kiti cha watu 3, katika mchomoko unaokimbizana na jua, ndiye mradi wenyewe. Tunaomba wafadhili watuulize maswali makali kuhusu fungu hilo kama kawaida yao, ila waongeze swali moja: je, kwa fedha hizi watu watapanda gari la namna gani, na watarudi saa ngapi?

Tukishakubaliana juu ya aina ya gari, kuna kulikagua. Hatuwatarajii kuwa mafundi. Mjumbe yeyote anaweza kuzunguka gari mchana, siku moja kabla ya safari, akaangalia matairi kama yana kashata au yamelainika kama kiganja. Awashe taa za mbele, za nyuma na za breki, mwenzake akiwa nyuma anatazama. Akae kwenye kila kiti avute mkanda. Aombe kuona leseni ya dereva, leseni ya usafirishaji na bima, na asome tarehe. Mwenye gari akikasirika kwa kuulizwa hayo, mmeshapata jibu lenu. Shirika la Afya Duniani linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliyemo ndani ya gari hadi nusu. Hakuna dawa katika zahanati zetu inayotoa matokeo hayo kwa bei hiyo.

Kisha kuna dereva, na hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu yeye ndiye mtu anayesahauliwa kuliko wote katika sherehe zetu. Harusi ikifika, wageni hukaribishwa, hupewa maji ya kunawa, hupewa pilau. Dereva amebaki nje kwenye gari. Saa 9 alasiri mtoto mmoja anamletea sahani. Jioni mjomba mkarimu anamletea bia mbili akisema, "Dereva, na wewe ni mtu." Usiku ngoma inalia mpaka alfajiri, yeye amekunja miguu kwenye usukani. Asubuhi kamati inamgongea kioo kwamba tuondoke, kuna Misa ya saa 4. Mtu huyu amekabidhiwa roho 25, na hakuna aliyemkabidhi hata mkeka.

Kwa hiyo kamati inayokodi gari ipange mahali pa dereva kulala kabla haijapanga mahali pa mgeni rasmi kulala. Ale kwanza. Bia na mjomba vikae mbali naye. Na kama safari inazidi saa 8, taratibu za LATRA za mabasi ya masafa zinataka madereva wawili. Nanyi fuateni hivyo hivyo hata kama gari ni la kukodi na hakuna atakayewauliza. Hija ya kwenda Bukoba na kurudi kwa dereva mmoja isiruhusiwe na Baba Paroko yeyote.

Tuseme pia kuhusu usiku. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, na kuanzia Oktoba mwaka huo mabasi yenye vibali yakaanza kusafiri saa 24. Watu wengi wamelielewa tangazo hilo kana kwamba usiku umekuwa salama. Lililobadilika ni ruhusa, tena kwa makampuni yanayofuatiliwa mwendo wao kwa mitambo. Hiace ya kukodi haimo katika hesabu hiyo, na ng'ombe aliyelala juu ya lami yenye joto hajasikia tangazo lolote.

Hebu tufanye hesabu kidogo, vijana wa sekondari waliopo watatusahihisha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona kitu, kuelewa na kukanyaga breki, na mita 22 zimekwisha. Baada ya hapo gari huhitaji mita nyingine 35 au zaidi ili lisimame, kama lami ni kavu, matairi ni mazima na mzigo si mkubwa. Jumla inakaribia mita 60. Taa za chini za gari humulika mita 40 au 50 hivi. Maana yake, mkokoteni usio na kitu cha kung'aa nyuma huonekana wakati ambapo muda wa kusimama umeshapita. Dereva hana la kuchagua ila kugonga au kukwepa kwenda upande wa pili, na upande wa pili kuna lori la makontena. Hapo hata dereva mzuri, asiyekunywa na aliyelala, anaua.

Ndiyo maana tunasema safari ya kamati iishe kabla ya giza. Jua likiwakuta njiani, mlale. Parokia zipo kila upande wa barabara hii, zina kumbi, na kukaribisha wasafiri ni kazi ya kale ya Kanisa. Padre mmoja akimpigia mwenzake simu, watu 25 wanapata sakafu na uji wa asubuhi.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tunajua wazee watalipinga, nalo ni Misa ya Mkesha wa Noeli. Katika vigango vilivyo kando ya barabara kuu, Misa ikianza saa 3 au saa 4 usiku, waamini hutoka karibu na saa 6. Mamia ya watu, watoto wakiwa mbele kwa sababu ya furaha, hutembea kwenye kingo za lami gizani, wakiwa wamevaa nguo nyeusi na za buluu, katika usiku ambao wako madereva waliokwisha kunywa. Tunaomba mabaraza ya walei yazungumze na mapadre wao kama Misa hiyo inaweza kuanza mapema zaidi, tuseme saa 12 jioni. Hatuleti uzushi. Desemba 2020, kwa sababu ya masharti ya korona nchini Italia, Papa Fransisko aliadhimisha Misa ya Mkesha pale Vatikani saa 1:30 usiku, na Noeli ilikuwa Noeli. Kama saa ile ilibadilishwa kwa ajili ya afya, inaweza kubadilishwa hata Isaka. Palipo na sababu za kubaki na saa za zamani, basi vijana wa VIWAWA wasimame barabarani na tochi na vizibao vya kung'aa, waamini watembee upande wa kulia wakiyatazama magari yanayowajia, na watoto wakae ndani ya kundi, mbali na lami.

Na tusisahau kwamba wengi wanaokufa barabarani hawamo ndani ya magari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi. Kuhusu bodaboda tutasema machache kwa sababu mmeshayasikia. Kofia ngumu, ambayo vijana huiita elementi, ikivaliwa ipasavyo na kufungwa kidevuni, hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara 6. Faini ya bodaboda ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na wapo vijana waliochukua hilo kama punguzo la bei ya kosa. Mama, usipande pikipiki ya watu watatu hata kama anayeendesha ni mtoto wa dada yako. Mwambie arudie safari, umlipe mara mbili.

Kuna maneno yanayosemwa hapa Isaka kwamba madereva wa malori ndio wanaotumaliza. Yalisemwa maneno ya namna hiyo hiyo wakati wa kampeni za UKIMWI, kwamba wageni wa barabarani ndio chanzo cha kila baya. Tuwe waangalifu. Dereva wa lori la Kigali ana kila sababu ya kufika salama. Gari lake ni mali ya watu na mkataba wake uko hatarini. Anayewasha moto wa kupikia hatua mbili kutoka lami, anayeanika mpunga juu ya lami, anayeacha trekta limeharibika barabarani usiku na kuweka majani mawili nyuma yake, hao tunawafahamu kwa majina na tunasali nao. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kwenda kuwaona leo jioni bila kuandika barua kwa mtu yeyote.

Ajali ikitokea pamoja na yote haya, jambo la kwanza ni kupiga simu polisi kwa namba 112, na kuweka vijana wawili mbali kidogo kila upande wa kuwazuia wanaokuja. Anayetoka damu akandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyezimia ila anapumua alazwe ubavu, shingo ikishikiliwa isijipinde. Asivutwe kutoka kwenye gari kwa nguvu isipokuwa kuna moto. Mtu mmoja anayeaminika akusanye simu na mikoba na kuiandika mbele ya wengine. Ni aibu kusema, lakini mnajua kwa nini tunasema. Fuatilieni mapema fomu ya PF3 kutoka polisi, kwa sababu itahitajika katika matibabu na madai ya bima.

Lori la mafuta likianguka, msilisogelee. Tarehe 10 Agosti 2019, siku chache tu kabla ya Idd, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Malori kama lile hupita hapa kila siku. Tunaomba kila kamati ya kigango kilicho kando ya barabara iwe na watu waliokwisha kukubaliana kwamba siku hiyo wao watawarudisha watu nyuma. Siku yenyewe itakuwa vigumu kuanza kukubaliana, mbele ya ndoo na madumu.

Mwezi Juni 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na watu walioko safarini lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake zimo amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile ya Musa kuhusu kuua. Wakati ule wapo waliocheka, wakisema Vatikani imegeuka kuwa trafiki. Sisi tunaona mwongozo ule ulifaa kuhubiriwa zaidi, hasa pale unapotaka familia za waliokufa zisaidiwe, na anayesafiri amlinde aliye dhaifu kuliko yeye. Msamaria Mwema naye alikuwa barabarani, kati ya Yerusalemu na Yeriko. Alitumia mafuta yake, divai yake, mnyama wake na fedha zake, na akaahidi kulipia zaidi atakaporudi. Alikuwa na fungu la usafiri.

Jumapili ya tatu ya mwezi huu ni siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajali za barabarani, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 2005. Tunapendekeza kila parokia isome majina ya watu wake katika maombi ya waamini. Orodha ikiandaliwa na jumuiya, tutashangaa urefu wake. Baada ya Misa, kamati isibaki na huzuni tu. Iketi na kupanga magari ya Desemba siku hiyo hiyo, wakati majina bado yako masikioni.

Karatasi za makubaliano ya kukodi gari ziko kwa katibu wetu pale mlangoni. Zina nafasi ya namba ya gari, tarehe za leseni na bima, idadi ya viti, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jina la dereva na mahali atakapolala. Zijazwe kabla fedha hazijatoka, na nakala moja ibaki kwa Baba Paroko. Wafadhili wetu pia wametuwezesha kununua mikanda ya kung'aa kwa ajili ya mikokoteni na baiskeli. Haitoshi wote. Tumeamua waanze wenye mikokoteni, kila mmoja vipande viwili vya nyuma na kimoja kila ubavu. Wajumbe wa Mwakata na Kagongwa wahudumiwe kwanza, maana wana mwendo mrefu na tungependa wafike kabla ya giza.